Ronald Ngala: Mwalimu wa Kaloleni aliyeipigania Pwani hadi mwisho

Siku ya Krismasi mwaka wa 1972, Wakenya walipokuwa wakisherehekea, habari za huzuni zilienea kutoka Nairobi hadi vijiji vya Kilifi na Malindi. Ronald Gideon Ngala, waziri katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta na kiongozi mashuhuri kuliko wote waliowahi kutoka kwa Wamijikenda, alikuwa ameaga dunia. Alikuwa amelazwa hospitalini baada ya gari lake kupata ajali karibu na Konza, katika barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi.

Kwa watu wa Pwani, kifo hicho kilikuwa zaidi ya msiba wa familia moja. Ngala alikuwa ndiye aliyeipa Pwani sauti katika meza kuu za siasa tangu siku Waafrika walipoanza kupiga kura. Alikuwa amekiongoza chama kilichotawala kabla ya uhuru, akaongoza upinzani baada yake, kisha akakivunja chama hicho kwa hiari yake mwenyewe. Uamuzi huo wa mwisho bado unajadiliwa hadi leo katika mabaraza ya Mombasa, Kilifi na Malindi. Wapo wanaouita hekima, na wapo wanaouita kosa ambalo Pwani imelilipia kwa miongo mingi.

Ngala alizaliwa mapema katika miaka ya 1920 katika nchi ya Wagiriama, upande wa Kaloleni, ambako minazi na mikorosho ndiyo iliyokuwa mali ya mkulima. Alizaliwa katika jamii iliyokuwa bado ina vidonda vibichi. Miaka michache tu kabla ya kuzaliwa kwake, mwaka wa 1913 na 1914, Wagiriama walikuwa wamesimama dhidi ya Waingereza waliotaka kodi, vibarua wa mashamba na wapagazi wa vita. Mekatilili wa Menza aliwahamasisha watu kula kiapo cha kukataa amri hizo. Waingereza walijibu kwa bunduki, wakachoma nyumba, wakailipua Kaya Fungo iliyokuwa kitovu cha ibada na mashauri ya Wagiriama, wakawatoza faini ya rupia 100,000 na kuwafukuza kutoka mashamba yao yenye rutuba kaskazini mwa Mto Sabaki.

Hilo halikuwa jeraha la pekee. Sheria ya mwaka wa 1908 kuhusu hati za ardhi ilikuwa imefungua mlango kwa wenye kuweza kuthibitisha umiliki wao kwa maandishi katika ukanda wa Pwani. Waliofaidika zaidi walikuwa matajiri wa mijini, wengi wao wakiwa na asili ya Kiarabu, waliojua njia za ofisi na mahakama. Wamijikenda, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na karatasi, walijikuta wakiitwa maskwota katika mashamba waliyoyalima wao na babu zao. Kuanzia Mtwapa hadi Malindi na mbele yake, mtu angeweza kupanda mnazi, akauona ukikua na kuzaa, na bado udongo ulioushika usiwe wake.

Mtoto aliyekulia katika mazingira hayo hakuhitaji kufundishwa siasa na mtu. Hata hivyo, njia ya Ngala ilianzia darasani. Kaloleni palikuwa na kituo cha wamishonari wa Kanisa la Anglikana, na ni katika shule yao ya St John's ambako alijifunza kusoma na kuandika. Baadaye alisoma Shimo la Tewa, kisha akapata nafasi katika Shule ya Upili ya Alliance huko Kikuyu, shule iliyowalea viongozi wengi wa kwanza wa Kenya. Kutoka huko alikwenda Chuo cha Makerere nchini Uganda, ambako alihitimu ualimu. Katika siku ambazo vijana wa Kigiriama waliofika elimu ya juu walikuwa wachache mno, safari hiyo ilimfanya kuwa fahari ya kijiji kizima.

Aliporudi alishika chaki. Alifundisha Kaloleni, akahudumu Mbale katika milima ya Taita, kisha akawa mwalimu mkuu wa Shule ya Buxton mjini Mombasa. Baadaye alipandishwa cheo kuwa msimamizi wa shule, kazi iliyomlazimu kutembea huku na huko katika wilaya za Pwani. Kazi hiyo ilimfaa mwanasiasa wa baadaye kuliko hotuba elfu moja. Ilimjuza njia za vumbi za bara la Kilifi, vivuko vya bahari, vijiji vya Taita na nyumba za walimu wenzake, ambao katika miaka hiyo ndio waliokuwa wakiandika barua za wazee na kueleza amri za serikali.

Mombasa nayo ilimfunza mambo mengine. Mji huo wa bandari ulikuwa umejaa makuli, makarani, mabaharia na wahamiaji kutoka bara, na kila jumuiya ilikuwa na chama chake cha kutetea masilahi yake. Ngala aliingia katika mabaraza ya ushauri ya Waafrika na baadaye katika bodi ya manispaa. Hapo ndipo alipoonekana kuwa mtu wa maneno ya kupimwa, asiyepandisha sauti ovyo, lakini asiyeachia hoja yake ikachukuliwa na upepo.

Achaguliwa Legco

Mwezi Machi mwaka wa 1957, Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, lililojulikana kama Legco. Kabla ya hapo, wawakilishi wa Waafrika waliteuliwa na gavana. Hata hivyo, kura hiyo haikuwa ya wote. Sheria iliweka masharti ya elimu, mali, kipato na utumishi, na mtu mmoja aliweza kuhesabiwa hadi kura 3 kulingana na sifa zake. Vyama vya nchi nzima vilikuwa vimepigwa marufuku kwa sababu ya hali ya hatari, hivyo kila mgombea alitegemea jina lake na watu wake wa nyumbani.

Ngala alishinda kiti cha Pwani. Aliingia Legco pamoja na Tom Mboya wa Nairobi, Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, Masinde Muliro wa Nyanza ya Kaskazini, Lawrence Oguda wa Nyanza ya Kusini, Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa, Bernard Mate wa Mkoa wa Kati na James Muimi wa Ukambani. Wanane hao walikataa kushika wizara katika serikali ya kikoloni na badala yake wakadai viti zaidi. Mwaka wa 1958 viti vya Waafrika viliongezwa, na Francis Khamisi, mwanahabari mkongwe, akachaguliwa kuiwakilisha Mombasa. Lakini madai ya Waafrika hayakukoma, na wajumbe hao waliendelea kukisusia kikao baada ya kikao hadi Uingereza ikakubali kuitisha mkutano wa katiba.

Mkutano huo ulifanyika katika jumba la Lancaster House, London, mnamo Januari na Februari 1960. Wajumbe wa Kiafrika, waliokuwa wamegawanyika nyumbani, waliungana kwa ajili ya safari hiyo na kumchagua Ngala kuwa kiongozi wa ujumbe, huku Mboya akiwa katibu. Uteuzi huo haukuwa wa bahati. Odinga na Mboya walikuwa mahasimu, na kila mmoja aliogopa kumpa mwenzake usukani. Mwalimu wa Kaloleni, aliyekuwa mpole na asiye na jeshi kubwa la kabila nyuma yake, alikuwa mtu ambaye pande zote ziliweza kumkubali.

Lakini upole wake haukumaanisha udhaifu. Waafrika walikataa kuingia kikaoni kwa siku kadhaa hadi mshauri wao, Peter Mbiyu Koinange, aliyekuwa akichukiwa na walowezi, aliporuhusiwa kuingia jengoni. Mkutano ulipokwisha, Waafrika walikuwa wamehakikishiwa wingi wa viti katika Legco. Kwa mara ya kwanza ilikuwa wazi kwamba Kenya haingekuwa nchi ya walowezi.

KADU yazaliwa

Umoja wa London haukudumu. Waliporudi nyumbani, viongozi wa jamii kubwa waliunda chama cha KANU. Ngala na Moi walitajwa kuwa waweka hazina wa chama hicho bila ya wao kuwapo, lakini wote wawili walikataa. Mnamo Juni 25, 1960, katika mkutano wa Ngong, vyama vya Wakalenjin, Wamaasai, Pwani na baadhi ya Waluhya viliungana kuunda KADU. Ngala akawa rais wake, Muliro makamu wake, na Moi mwenyekiti.

KADU kilikuwa chama cha hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Jamii ndogo ziliona kwamba wakati wa uhuru ukifika, jamii zenye watu wengi na wasomi wengi zingechukua serikali, kazi na hasa ardhi. Kwa Wamaasai na Wakalenjin, suala lilikuwa ni nani angerithi mashamba ya Wazungu katika Bonde la Ufa. Kwa Pwani, suala lilikuwa bandari ya Mombasa, ambako ajira nyingi zilikuwa mikononi mwa watu wa bara, na mashamba ya ukanda wa bahari ambayo Wamijikenda walikuwa wakiyasubiri kwa nusu karne.

Uchaguzi wa Februari 1961 uliipa KANU viti 19 na KADU viti 11. KANU ilipata kura nyingi zaidi, lakini ilikataa kuunda serikali kabla ya Kenyatta kuachiliwa. KADU ilikubali. Mwezi Aprili mwaka huo, kwa msaada wa Wazungu wa kundi la Michael Blundell na wajumbe wengine, Ngala akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali na Waziri wa Elimu. Kwa hesabu ya vyeo, huyo ndiye aliyekuwa Mwafrika wa juu kabisa katika serikali ya Kenya wakati ule.

Cheo hicho kilimletea heshima na lawama kwa wakati mmoja. Wapinzani wake walimwita kibaraka wa walowezi, na wingu hilo halikumwondokea kabisa maishani mwake. Yeye na wenzake walikuwa na hoja tofauti. Kwao, kukaa nje ya serikali kungemwacha gavana atawale peke yake, ilhali kukaa ndani kungewezesha kuharakisha kuachiliwa kwa Kenyatta na kuandaa katiba. Ni katika kipindi cha serikali hiyo ndipo nyumba ilipojengwa Gatundu kwa ajili ya Kenyatta, na mwezi Agosti 1961 akaachiliwa huru. Ngala alitumaini kwamba Mzee angesimama juu ya vyama vyote. Badala yake Kenyatta aliichukua KANU, na mizani ya siasa ikabadilika mara moja.

Ndoto ya majimbo

Jibu la KADU kwa hofu ya jamii ndogo lilikuwa neno moja ambalo lingemfuata Ngala hadi kaburini na hata baada yake. Neno hilo ni majimbo. Katika mpango huo, nchi ingegawanywa katika majimbo yenye mabunge yake, yakiwa na mamlaka juu ya ardhi, shule, serikali za mitaa na sehemu ya polisi. Bunge la taifa lingekuwa na nyumba mbili, na Seneti ingelinda haki za majimbo.

Katika mkutano wa pili wa Lancaster House, Februari hadi Aprili 1962, Ngala aliusimamia mpango huo kwa ukaidi ambao wengi hawakuutarajia kutoka kwake. KANU iliuchukia, lakini iliukubali ili uhuru usicheleweshwe. Serikali ya mseto ikaundwa, ambamo Kenyatta na Ngala walikuwa mawaziri wa nchi wenye hadhi sawa, kila mmoja akiwa na sehemu yake ya kazi za katiba na mipango ya uchumi.

Wakati huohuo Pwani ilikuwa na kesi yake nyingine. Ukanda wa maili 10 kutoka baharini, ukiwemo mji wa Malindi na Mombasa, kisheria ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, aliyekuwa amewakabidhi Waingereza uendeshaji wake tangu mwaka wa 1895. Bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus. Uhuru ulipokaribia, baadhi ya Waarabu na Waswahili waliunda harakati za Mwambao, wakitaka ukanda huo ujitawale au urudi Zanzibar. Walihofu kumezwa na bara, na hofu yao haikutofautiana sana na hofu iliyoiunda KADU yenyewe.

Hapo Ngala alijikuta katika njia panda. Kama mtetezi wa jamii ndogo, angeweza kuielewa hofu ya watu wa Mwambao. Lakini kama mwana wa Giriama, alijua kwamba kwa Wamijikenda, Mwambao huru ungemaanisha kubaki chini ya wale wale waliokuwa na hati za mashamba. Alichagua kuipinga Mwambao na kuwaambia watu wa ukanda huo kwamba ulinzi wao ungepatikana katika jimbo la Pwani lililo ndani ya Kenya. Tume ya Sir James Robertson, iliyoteuliwa mwaka wa 1961 kuchunguza suala hilo, nayo ilipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Mnamo Oktoba 1963 Sultani aliuachilia rasmi.

Makubaliano hayo yalikuja na masharti. Mahakama za Kadhi zililindwa, na dini ya Kiislamu ikahakikishiwa heshima. Lakini pia hati za ardhi zilizokuwapo zilitambuliwa. Kwa mpigo mmoja, suala la Mwambao likafungwa na suala la maskwota likabaki wazi. Mkulima wa Magarini au wa Takaungu alipata bendera mpya, lakini karatasi ya shamba ilibaki katika sanduku la mtu mwingine.

Kiongozi wa Upinzani

Katika uchaguzi wa Mei 1963, KANU ilishinda kwa kishindo na Kenyatta akawa Waziri Mkuu mnamo Juni 1. Ngala alichaguliwa mbunge wa Kilifi Kusini na akawa Kiongozi wa Upinzani katika Bunge la Wawakilishi. KADU ilishika mabunge ya majimbo ya Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi. Moi akawa rais wa bunge la Bonde la Ufa, na Ngala akaliongoza bunge la jimbo la Pwani, lililokuwa na makao Mombasa.

Si Wamijikenda wote waliomfuata. Timothy Chitasi Muinga Chokwe, aliyekuwa KANU, alichaguliwa kuwa Spika wa kwanza wa Seneti. Lakini katika vijiji vya Kilifi, Ngala ndiye aliyekuwa baba wa siasa. Alipofika kwenye baraza, wazee walimpokea kama mwana aliyekwenda mbali akarudi na habari, na wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa walikuwa walimu na makarani, ndio walioeneza maneno yake.

Majimbo hayakupewa nafasi ya kukua. Katika mkutano wa tatu wa katiba jijini London, Septemba na Oktoba 1963, KANU ilidai masharti ya kubadilisha katiba yalegezwe. Hasira ilipanda, na baadhi ya viongozi wa KADU wakatishia hata kuigawa nchi. Uingereza iliegemea upande wa Kenyatta, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na wingi wa wabunge. Baada ya Desemba 12, 1963, serikali kuu ilichelewesha kuyakabidhi majimbo mamlaka na fedha zake. Mabunge ya majimbo yalikutana, yakajadili na kupitisha maazimio, lakini mfuko ulikuwa Nairobi.

Mmoja baada ya mwingine, wabunge wa KADU walianza kuhamia upande wa serikali. Wengine walifuata ahadi za maendeleo kwa watu wao, wengine vyeo, na wengine waliona tu kwamba upinzani ulikuwa njia isiyofika popote. Serikali nayo ilitangaza mpango wa kuifanya Kenya kuwa jamhuri na kuyafuta mamlaka ya majimbo, na ikaonya kwamba Bunge likikataa, wananchi wangeulizwa kwa kura ya maoni.

Mnamo Novemba 10, 1964, Ngala alisimama Bungeni na kutangaza kwamba KADU imevunjwa. Kisha yeye na wenzake wakavuka ukumbi na kuketi pamoja na KANU. Mwezi mmoja baadaye, Desemba 12, Kenya ikawa jamhuri, na Kenyatta rais wake wa kwanza. Nchi ilibaki bila chama cha upinzani.

Kwa nini alifanya hivyo? Waliomtetea walisema kwamba vita vilikuwa vimekwisha. Kuendelea kungewaletea watu wa Pwani adhabu tu, na huenda kungechochea umwagaji damu katika nchi changa iliyokuwa bado inapigana na waasi wa mpaka wa kaskazini mashariki. Kwa mtazamo huo, Ngala aliona ni heri kuipoteza hoja kuliko kuipoteza nchi. Waliomlaumu walisema alipaswa angalau kudai bei, kwamba ardhi ya maskwota iwekwe mezani kabla ya chama kuzikwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na KADU ilikuwa imemwagwa yote kwa siku moja.

Malipo ya uamuzi huo hayakuwa sawa kwa wote. Moi aliingia katika Baraza la Mawaziri mwezi Desemba 1964 kama Waziri wa Mambo ya Ndani, akaanza safari iliyomfikisha Ikulu mwaka wa 1978. Ngala, aliyekuwa kiongozi wake katika KADU, alisubiri hadi mwaka wa 1966.

Ndani ya serikali ya Kenyatta

Mwaka huo wa 1966 ulikuwa wa misukosuko. Katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru mwezi Machi, cheo cha makamu wa rais wa chama, kilichokuwa cha Odinga, kiligawanywa katika nafasi 8 za kimkoa. Ngala alichukua nafasi ya Pwani. Odinga alijiondoa na kuunda KPU, na katika mabadiliko yaliyofuata Ngala akateuliwa kuwa waziri wa vyama vya ushirika na huduma za jamii.

Wizara hiyo ilihusu maisha ya mkulima mdogo moja kwa moja. Ushirika ulikuwa njia ya kumsaidia mkulima wa kahawa, pareto, pamba au korosho kuuza pamoja na wenzake badala ya kumtegemea mchuuzi. Kwa mtu aliyekulia kati ya minazi ya Kaloleni, ambako bei ya mbata iliamuliwa na mwenye duka, kazi hiyo haikuwa ngeni. Baadaye alihamishiwa Wizara ya Nguvu za Umeme na Mawasiliano, ambayo ndiyo aliyokuwa akiishikilia alipofariki.

Nyumbani, siasa zake hazikuwa tulivu. Katika tawi la KANU la Mombasa kulikuwa na mivutano mirefu kati ya wafuasi wake na kambi nyingine, na mara kwa mara Nairobi ilibidi iingilie kati. Baadhi ya waliokuwa KANU tangu mwanzo hawakumsamehe kwa kuongoza KADU, na hawakufurahia kumwona akiingia kupitia mlango waliouona kuwa wao. Hata hivyo, Kilifi ilimrudisha Bungeni, na mshirika wake wa tangu siku za KADU, Robert Matano, naye alipanda ngazi hadi kuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa KANU.

Baada ya Mboya kuuawa Julai 1969, mjadala wa nani angemrithi Kenyatta ulizidi kuwa mkali. Jina la Ngala lilikuwa miongoni mwa yaliyotajwa, kwa sababu ile ile iliyomfanya achaguliwe kuongoza ujumbe wa mwaka wa 1960. Alitoka katika jamii ambayo haikumtisha mtu, na alikuwa na uzoefu ambao wachache walikuwa nao.

Ndipo ikaja Desemba 1972 na ajali ya Konza. Katika uchunguzi wa kifo hicho, dereva alieleza kwamba nyuki waliingia ndani ya gari na kumfanya apoteze mwelekeo. Maelezo hayo hayakuwaridhisha wengi Pwani, na maswali yameulizwa tangu wakati huo bila ya kupata jibu jingine lililothibitishwa. Ngala alizikwa kwao Kaloleni, katika ardhi ya Wagiriama, akiwa na umri wa takriban miaka 50.

Urithi wake

Baada ya Ngala, Pwani ilikaa muda mrefu bila ya kupata kiongozi aliyeunganisha sehemu zake zote. Mwanawe, Noah Katana Ngala, aliingia Bungeni kuwakilisha Ganze na akawa waziri katika serikali ya Moi. Jina la baba lilibaki katika barabara mojawapo ya katikati ya jiji la Nairobi, na baadaye likapewa chuo cha utalii katika Kaunti ya Kilifi, ambacho ujenzi wake ulichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa.

Lakini urithi mkubwa zaidi haumo katika jiwe. Mnamo Agosti 27, 2010, Kenya ilizindua katiba mpya iliyoleta serikali za kaunti 47 na kuirejesha Seneti iliyokuwa imeondolewa katika miaka ya 1960. Wilaya za Kilifi na Malindi ziliunganishwa kuwa Kaunti ya Kilifi, na bunge la kaunti hiyo likawekwa Malindi, katika mji ule ule ambao mwaka wa 1963 ulikuwa bado chini ya bendera ya Sultani. Ugatuzi huo si majimbo ya KADU. Kaunti ni ndogo zaidi, na Tume ya Taifa ya Ardhi, polisi na shule nyingi ziko chini ya mamlaka ya kitaifa. Lakini wazo la msingi, kwamba fedha na maamuzi visikae Nairobi pekee, ndilo lile ambalo Ngala alilibeba hadi London na ambalo alilazimika kuliweka chini mwaka wa 1964.

Suala la ardhi halikupata bahati hiyo. Mipango ya makazi ilianzishwa, ukiwemo ule wa Magarini katika miaka ya 1970, na serikali kadhaa zimegawa hati miliki kwa maelfu ya familia za Pwani. Hata hivyo, wenye mashamba wasioonekana na maskwota wanaoonekana kila siku wamebaki sehemu ya maisha ya ukanda huo, na kila uchaguzi unapokaribia ahadi hurudi.

Ndiyo maana hukumu juu ya Ngala haijatolewa. Akipimwa kwa ardhi, alikufa kabla ya kulifikisha jambo lililokuwa moyoni mwa watu wake. Akipimwa kwa amani, aliiepusha nchi na mgawanyiko wakati ambao neno moja la hasira kutoka kwake lingeweza kuwasha moto. Na akipimwa kwa fikra, aliwatangulia wenzake kwa karibu nusu karne. Mwalimu huyo wa Kaloleni aliishi kwa kufundisha somo ambalo darasa lake halikuwa tayari kulisikiliza, na ambalo taifa lililazimika kulisoma upya baada ya yeye kuondoka.